Yaya Niliyemwandika Vibaya

Auburn, Sydney
Jumapili, baada ya alasiri

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba uipokee shikamoo hii ukiwa umeketi na miwani iko karibu, kwa sababu barua ni ndefu na herufi zangu zimekuwa ndogo kuliko unavyopenda. Je, lile jicho uliloondolewa ukungu linaona vizuri sasa? Na goti la Mama linamruhusu kushuka sokoni, au bado anamtuma Idi kisha analalamika kwamba dagaa aliowaleta wana mchanga? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini, na hofu zangu ni zilezile unazozijua, isipokuwa moja mpya, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu Mama huweka sauti kubwa, na jambo hili sitaki lisikike jikoni kabla wewe hujalipima. Halafu kwenye simu mimi huanzia katikati. Wewe ulikaa miaka mingi masijala ya mahakama ukipokea maelezo ya watu, unajua tofauti ya maneno yaliyosemwa na yaliyoandikwa. Nitazipiga picha kurasa hizi, Idi akuchapishie mjini. Mwambie achapishe bila kusoma. Najua atasoma.

Nilikwambia kwamba nimesafiri na rafiki yangu Furaha hadi São Paulo, mji mkubwa wa Brazili, tukakaa huko majuma matatu na siku chache. Nilisema ni matembezi. Matembezi yalikuwepo, sikukudanganya, lakini hayakuwa ndiyo sababu. Sababu ilikuwa kumtafuta mtu, na mtu huyo tulimpata, na tangu tumpate sijatulia.

Furaha hujamwona ila kwenye picha. Ni Mkongo wa Fizi. Milima ya kwao ndiyo ile tunayoiona ng'ambo ya ziwa kutoka Ujiji mvua ikishasafisha hewa. Alikulia kambini kule Kasulu, ndipo akaletwa huku na familia iliyomchukua. Anafanya kazi ya kutunza wazee, anakaa Minto, mbali na hapa kwa treni mbili. Tulijuana ndani ya treni. Alikuwa akimkemea mtu kwa simu kwa Kiswahili, nami nikahama kiti ili nisikie vizuri. Kiswahili chake si kama chetu. Husema "minaenda", husema "njo vile" mahali pa ndivyo, husema "mkono yangu", nami mwanzoni nilikuwa namsahihisha kimoyomoyo kama ulivyokuwa ukitusahihisha sisi wakati wa chakula. Nilijiona mimi ndiye ninayeijua lugha.

Mwaka jana alikuja chumbani kwangu na fomu. Kuna ofisi hapa inayosaidia watu waliopotezana kwa vita kutafutana. Furaha alikuwa amesikia kanisani kwao kwamba kuna Bahati mmoja wa Fizi anaonekana São Paulo, na alitaka ofisi hiyo iulizie.

"Weye ni karani," akaniambia. "Kizungu yako haina vumbi. Niandikie. Natafuta yaya yangu."

Nikamwuliza yaya wake anaitwa nani.

"Bahati. Yaya Bahati. Ni yeye alinilea. Mama alikuwa ku shamba kila siku, Yaya njo alikuwa ananipikia uji, ananiosha, hata nywele ananisuka. Siku vita ilifika alinibeba ku mgongo mpaka ku ziwa. Pale ku mitumbwi watu wakasukumana, tukapotezana."

"Amekuzidi umri?"

"Miaka kumi na mbili ao kumi na tatu."

Nawe, Baba, unajua kwetu yaya ni nani. Yaya ni Tatu, yule binti wa Uvinza aliyenilea mimi Mama alipokuwa zamu hospitali, aliyenifundisha kufunga vifungo na kunikimbiza shule. Kwa hiyo Furaha alipokuwa akisimulia, nilimwona mwanamke. Nilimwona na kilemba chake. Nikaona ajabu kidogo kwamba familia ya mlimani ilikuwa na mfanyakazi, lakini nikajiambia kila nchi ina mambo yake. Majina yao hayakufanana, ila kwa Wakongo hilo ni kawaida, kila mtoto hupewa jina lake. Palikuwa na nafasi ya kuandika wazazi wa anayetafutwa. Niliiacha wazi. Nilidhani, binti wa kazi, nani atawajua wazazi wake? Sikumwuliza Furaha. Swali moja tu lingeniokoa, nami sikuliuliza kwa sababu nilifikiri najua jibu.

Kiswahili kinaniacha nisimulie habari nzima ya mtu bila kusema kama ni mwanamume au mwanamke. "Alinibeba" ni alinibeba. Kiingereza hakikubali. Kila sentensi ilinitaka nichague, nami nilichagua mara nyingi sana kwenye ukurasa ule bila kujua kwamba nachagua. Nikaandika kwamba Bahati ni mwanamke, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani mwao na kumlea. Chini kulikuwa na mahali pa mtafsiri. Nikaweka jina langu kamili na sahihi yangu, kuthibitisha kwamba nimetafsiri kwa ukweli na bila kupunguza kitu. Furaha akatia sahihi yake juu ya yangu bila kusoma, kwa sababu ananiamini.

Majibu yalikuja kwangu, maana niliandika anwani yangu. Walisema hawakumpata mwanamke wa jina hilo aliyewahi kuwa mtumishi. Nikampigia Furaha nikamwambia, "Wanasema hawakumpata." Unaona jinsi lugha ilivyonificha tena. Neno "mwanamke" lilibaki kwenye kompyuta yangu.

Furaha akasema, "Twende wenyewe. Weye unajua makaratasi, mimi sina oga. Tukiwa wawili tunatosha mutu mumoja."

Oga kwao ni woga. Hivyo ndivyo nilivyokwenda. Nilichukua likizo yangu yote. Nilinunua pia doti ya kanga kutoka kwa mama mmoja wa Mombasa anayeuza vitu vya nyumbani hapa Auburn, zawadi ya yule yaya, nikachagua yenye maneno "Mlezi hasahauliki". Niliikunja nikaiweka juu kabisa ndani ya sanduku ili isipate mikunjo.

Safari yenyewe ilinichanganya tangu mwanzo. Ndege ya kwanza iliondoka Sydney baada tu ya adhuhuri, ikavuka bahari muda wa kazi ya siku nzima na zaidi, ikatua Chile kabla ya adhuhuri ya siku ileile tuliyoondoka. Nilikuwa nimeshaswali adhuhuri uwanjani Sydney. Sasa adhuhuri nyingine ilikuwa inakuja ya tarehe ileile. Nikakaa kwenye kiti cha uwanja nikijiuliza kama niswali tena. Furaha alisema Mungu ana kalenda yake. Niliswali tena, na mpaka leo sijui kama nilizidisha. Mwulize ustadhi wa msikitini kwetu, lakini usimwambie ni nani anayeuliza.

São Paulo siwezi kukuelezea kwa mpangilio. Ukipanda juu ya jengo unaona majengo mpaka macho yachoke, na nyuma yake majengo mengine. Barabara zinapanda na kushuka, na mvua ni nyepesi, haikulowanishi mara moja ila ukifika unapokwenda umelowa. Kuta zimeandikwa herufi ndefu nyembamba hadi ghorofa za juu, na sikuelewa mwandishi alisimama wapi. Tulikaa chumba cha kukodi karibu na uwanja wa kati wenye miti, na asubuhi ya kwanza niliandika kwenye daftari jina la kila mtaa tuliopita ili tuweze kurudi. Siku ya tatu daftari lilikuwa limejaa nami nilikuwa nimepotea zaidi.

Kitu kilichoniliwaza ni meza. Kwao pia ni meza. Bendera yao ni bendera. Ukisikiliza watu wakiongea haraka unasikia kama nyumba ya jirani, unashika neno moja halafu mlango unafungwa. Wana hoteli za chakula ambako unajipakulia wali, maharage na mboga, kisha sahani inapimwa kwenye mizani kama mchele dukani. Mara ya kwanza nilisimama pale na sahani yangu nikidhani nimeshukiwa kwa kitu. Furaha alinicheka mpaka mwenye mizani naye akacheka.

"Wanapima chakula, hawapimi dhambi," akasema. "Songa, mama, watu wana njaa."

Kila siku tulitembea tukiuliza. Furaha aliongea Kifaransa na Wakongo na Wahaiti, na mimi sijui Kifaransa hata salamu. Alikuwa akiuliza kirefu, nami nasikia jina la Bahati tu, kisha natazama watu wanaopita. Nilitazama wanawake, Baba. Kila mwanamke mweusi wa makamo aliyepita na mzigo nilimwangalia usoni nione kama angeweza kuwa aliwahi kumbeba mtoto hadi ziwani. Kuna mmoja aliyeuza juisi ya muwa penye ngazi za kituo cha treni, ana mikono mizito na sauti ya kuamrisha, nikasema moyoni, awe huyu. Nilinunua juisi kwake siku nne mfululizo. Kumbe ni mtu wa Bahia, jimbo la hukohuko Brazili, yeye na babu zake.

Siku zilivyokwenda Furaha alianza kunyamaza. Aliacha kunicheka. Usiku alilala ameelekea ukutani. Siku moja aliniuliza kwa nini sikuzote nawatazama wamama, nikamjibu kwamba natazama mwendo wao, kwamba mtu aliyelea watoto ana mwendo wake. Akasema, "Weye uko mutu ya ajabu," akaendelea kumenya chungwa. Hapo tena tulikaribia, tukapitana.

Juma la tatu, siku ya Jumapili, tulifika kwenye jengo lenye wasusi wa Kiafrika. Mama mmoja wa Angola alikuwa anamsuka msichana, na Furaha alipomwuliza, yule mama aliacha kichwa cha mteja akaelekeza kwa kitana. Akajibu kwa lugha yake ya Kireno, maneno mengi, na katikati yake nilisikia neno moja waziwazi: gereza.

Nikakaa kwenye ngazi.

"Furaha," nikasema, "amefungwa."

"Nani amefungwa?"

"Yaya wako. Huyu mama amesema yuko gerezani."

Akaniangalia kama mgonjwa wake mmojawapo. Akamwuliza yule mama tena, wakasemezana kwa Kifaransa cha kuokoteza, kisha akaanza kucheka, kicheko chenye machozi, akashika ukuta. "Igreja," akasema. "Anasema igreja. Ni kanisa, weye. Anafanya ku kanisa, yulu ya duka ya feni."

Nimeangalia baadaye. Neno letu la gereza tulilipata kwa Wareno, na kwao maana yake ni kanisa. Nilidhani lingekufurahisha. Wakati ule halikunifurahisha.

Kanisa lilikuwa ukumbi wa kukodi ghorofa ya kwanza, juu ya duka la feni kama alivyosema. Ibada ilikuwa imekwisha. Ndani palikuwa na mwanamume mmoja mrefu, mwenye mvi pembeni mwa kichwa, anapandanisha viti vya plastiki. Furaha alisimama mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Yaya."

Nikatazama nyuma ya yule mwanamume nimwone yaya.

Furaha akasema tena, "Yaya. Ni mimi, Furaha," na yule mwanamume akaachia viti vyote vikaanguka. Alikuja kwa hatua za polepole kama mtu anayepita kwenye matope. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza, akatafuta kitu nyuma ya sikio lake, kovu la kuungua ambalo mimi sijawahi kuliona miaka yote hii. Alipoliona akaketi sakafuni palepale. Furaha akaketi naye. Wakalia bila kelele.

Nami nilisimama nikiwa nimekumbatia mfuko wenye kanga, ule niliotembea nao kila siku, na hata hapo sikuelewa mara moja. Nilifikiri, kumbe yaya alikuwa mwanamume. Nilifikiri, kuna wanaume wanaofanya kazi za ndani. Mpaka Furaha alipogeuka na kusema, "Hadija, huyu njo kaka yangu wa tumbo moja. Mtoto wa kwanza wa mama yangu. Yaya ni mukubwa wako, si unajua?"

Nikasema ninajua.

Baba, hili ni jambo la ajabu na nalisema kwako tu. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa furaha wala hofu. Lilikuwa huzuni kwa ajili ya yule mwanamke. Nilimtafuta miezi, nilimpa sura, nilimnunulia nguo, na dakika ile akawa hayupo, hajawahi kuwapo. Sijui mtu humlilia vipi mtu wa namna hiyo.

Furaha aliona mfuko. "Na hiyo ni nini?"

"Zawadi," nikasema. "Ya mke wake."

"Sina bibi," akasema Bahati, lakini mikono yake ilikuwa imeshanyooka, maana alilelewa kupokea kwa mikono miwili. Akaikunjua kanga. Akayasoma maneno kwa sauti, taratibu, "Mulezi hasahauliki." Akayasoma mara ya pili. Akamtazama Furaha. "Umeandikisha hii kwa sababu yangu?" Kisha akaitupa begani juu ya shati lake la Jumapili, akakaa nayo vile mpaka jioni, na hakuna aliyecheka.

Tulikula kwake. Siku za wiki hupiga pasi suruali katika kiwanda cha kushona, Jumapili hutunza ukumbi. Alitupikia ugali wa mahindi na samaki. Alikuwa na mzaha kama dada yake, akaniuliza kwa nini Watanzania tunaongea kama redio. Nilikuwa nimeanza kupumua vizuri. Ndipo akasema, huku akimwondolea Furaha miiba ya samaki kana kwamba bado ni mtoto:

"Mwaka jana kuna mutu ya ofisi alifika ku kanisa na karatasi, anasoma majina. Anasema kuna mutu ya Australia anatafuta Bahati wa Fizi. Nikasimama. Akaendelea kusoma: mwanamuke, mutumishi wa nyumba. Watu yote wakacheka. Mwezi muzima wananiita Mama Bahati, wananiuliza nimefua nguo ya nani. Nikasema si mimi, ni Bahati mwingine, nikaketi."

Furaha alicheka. "Maskini, huyo mwanamuke naye anatafutwa."

"Nilimuombea," akasema Bahati. "Nikasema, Mungu, huyu dada Bahati naye apatikane."

Sikuweza kumeza. Nikaomba maji. Walidhani ni mwiba wa samaki, Bahati akanipa tonge kubwa la ugali niushushe nalo, nami nikalimeza. Baadaye alisema kwamba miezi michache baada ya siku ile alipasuliwa tumbo, akalala hospitali majuma mawili, na hapakuwa na ndugu wa kumpelekea hata uji. Aliyasema hayo bila kulalamika. Mimi nilikuwa nahesabu miezi. Kama ningeuliza swali moja, dada yake angekuwa amekwisha kumpata.

Siku zilizobaki walinitembeza, wao wawili mbele, mimi nyuma. Nimeona masoko, bustani, makanisa makubwa, na sikumbuki sawasawa kipi kilikuwa wapi. Macho yakipona usije ukaniomba nikuchoree ramani. Furaha alishikilia mkono wa kaka yake barabarani kama mtoto, mwanamke mzima anayeinua wazee kitandani. Sikumwambia kitu kule. Sikumwambia ndani ya ndege. Tuliporudi Sydney sikumwambia juma la kwanza wala la pili.

Kazini pia nimeharibika. Ofisi yetu iko Wetherill Park, ndani ya bohari kubwa, na kazi yangu ni kulinganisha hati na mizigo iliyoshushwa. Sasa kila hati naisoma mara tatu, kisha naenda mwenyewe kufungua katoni nitazame. Vijana wa bohari wananiuliza kama nimeambiwa kuna nyoka.

Juma la tatu tangu turudi, Furaha alikuja na fomu nyingine. Anataka kuomba kaka yake aletwe huku. Akaiweka mezani akasema nimwandikie, kwani mkono wangu ni safi. Nikaifungua. Ukurasa wa pili unauliza kama mwombaji amewahi kupeleka karatasi yoyote kuhusu mtu huyu, na kama ndiyo, aambatanishe nakala. Nikamwambia Furaha aniachie, kichwa kinauma. Hilo lilikuwa kweli.

Niliwaza kila njia, Baba. Niliwaza kuandika hapana. Ofisi ile na hii si moja, pengine hawasomeani. Niliwaza kuandika kwamba Bahati alikuwa mlezi, jambo ambalo ni kweli tupu. Lakini kisanduku cha mwanamke nilichokitia alama hakina tafsiri ya pili. Mtu akiziweka fomu hizo mbili pamoja ataona jambo moja tu, kwamba Furaha alianza na mtumishi wa kike na sasa ana kaka. Atasema ni ndugu wa kutengeneza. Na njia pekee ya kulieleza ni mimi niandike, kwa jina langu, kwamba nilithibitisha tafsiri isiyo ya kweli. Nawe unajua ombi langu la kubaki hapa moja kwa moja bado halijajibiwa. Hakuna aliyeniambia kwamba karatasi ile ingeniharibia. Hakuna aliyeniambia kwamba haitaniharibia. Usiku niliona sahihi yangu imekuzwa ukutani.

Jumamosi ya juma lililopita nilipanda treni hadi Minto. Furaha alikuwa jikoni anapika sombe, wao huita hivyo kisamvu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mkoba bado uko begani. Nilimweleza yote tangu mwanzo, neno kwa neno, nikamwonyesha nakala. Aliipunguzia sufuria moto. Aliusoma ukurasa wote kwa kidole.

"Njo maana walitafuta mwanamuke," akasema.

"Ndiyo."

"Mama Bahati ni weye uliyemzaa."

"Ni mimi."

"Kwenu yaya ni mutumishi?"

"Ni mtu anayelea watoto."

"Sisi tulikuwa na mutumishi?" Akaniangalia sasa. "Hadija. Sisi tulikuwa na mbuzi tatu, na moja ilikuwa ya jirani. Nani alikuwa anatutumikia?"

Nilijaribu kusema samahani, akainua mwiko. Akakaa. Alikaa muda mrefu mpaka sombe ikaanza kushika chini na hakuna aliyeinuka. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Alilala hospitali pekee yake."

"Najua."

"Na weye ulijua tangu siku ile ya samaki."

"Tangu siku ile."

"Njo maana ulikuwa unasongwa na mwiba." Kitu kikapita midomoni mwake, sijui kama kilikuwa kicheko. "Kwa nini haukusema?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa, na kwamba bado naogopa, kwa ajili yangu zaidi kuliko kwa ajili yake. Niliona aibu kulisema, lakini nilikuwa nimechoka kutafsiri.

Akainuka, akakwangua sufuria, akapakua sehemu isiyoungua akaniwekea mimi. "Kula," akasema. "Halafu andika. Kama uko na oga, andika na oga yako. Mimi sina kizungu ya kuandika hii."

Hakunisindikiza kituoni kama kawaida yake. Sijui kama amenisamehe. Jana alinitumia meseji ya neno moja, "Umelala?", nami nimeisoma mara nyingi na sijui inauliza nini.

Sasa nisalimie watu. Mwambie Mama nakunywa maji ya moto asubuhi kama alivyoagiza. Msalimie Bibi, umwambie kwa sauti ya karibu kwamba mjukuu wake alifika nchi ambako meza ni meza. Dada Mwajuma na mumewe na watoto wote. Shangazi wa Uvinza, akija kwa ajili ya mavuno. Ami yangu mwenye duka la vipuri, na Idi, ambaye sasa ameshasoma mpaka hapa na anapaswa kuona haya.

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu nilihofia ungeacha kusoma. Maelezo nimekwisha kuyaandika. Yana kurasa mbili. Nimesema neno yaya lina maana gani Ujiji na lina maana gani Fizi, kwamba Furaha alisema kweli tangu siku ya kwanza na kosa lilikuwa langu peke yangu, kwamba niliacha nafasi ya wazazi wazi bila kuuliza. Nimejaza na wazazi wao sasa, baba mmoja na mama mmoja, majina nimeyaandika herufi moja moja Furaha akinitajia kwa simu. Nimetia sahihi yangu kamili. Ijumaa mchana nilitoka kazini nikayapeleka kwa mkono wangu ofisi ya uhamiaji, pamoja na fomu mpya ya Furaha na nakala ya ile ya zamani, na mtu wa dirishani akagonga muhuri bila kuniangalia.

Sijui watasemaje, kwake wala kwangu. Sikukuuliza kabla ya kupeleka. Najua ungeniambia nisubiri kwanza ombi langu lijibiwe, na ungekuwa na sababu nzuri, na mimi ningekutii. Ndiyo maana sikukuuliza. Ni mara ya kwanza kufanya hivyo, na kama limekuumiza, nitukane kwa maandishi, nitasoma yote.

Mwanao,
Hadija